Mzee Rudia na Majibu Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Rudia anastaafu. Ametutumikia miaka ishirini na saba katika chumba cha mitambo cha hospitali yetu, ghorofa ya pili, ambako feni huvuma mchana kutwa kama mtu anayebembeleza mtoto.

Aliingia akiwa fundi wa nyaya. Java, lugha ya kuandikia programu, alijifunza ukubwani, kwa kitabu cha kuazima na miwani ya mkewe. Ndiye aliyejenga njia inayopitisha majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini: hupokewa, huhakikiwa jina la mgonjwa, hupangwa upya, kisha hufikishwa. Jua la alasiri likilala juu ya meza yake, alitazama dirishani taratibu, ungedhani anayaona majibu yakipita hewani, moja baada ya jingine.

Jina la Rudia tulimpa sisi. Ujumbe wenye jibu ukikwama, mtambo wake huurudia mara tatu, kila mara ukisubiri kidogo zaidi. Ukishindwa kabisa, huuweka kwenye foleni ya jumbe zilizokwama, naye huikagua kila asubuhi kabla ya chai. Mkewe anasema hata nyumbani huitwa mara tatu ndipo aitike.

Mwaka juzi, nikiwa nimetoka likizo ya uzazi na macho mazito, niliandika upya hatua ya tatu ya njia hiyo, ile ya kupanga majibu. Humo ndani nikaweka kipande changu cha programu cha kudaka makosa. Kikayadaka, kikanyamaza. Njia kuu, bila kujua lolote, ikawa inaijulisha maabara kwamba kila jibu limefika. Foleni ikawa tupu, nasi tukafurahi.

Mzee hakufurahi. Alisema foleni tupu siku tatu mfululizo si amani, kuna mtu kazibwa mdomo. Akalinganisha yaliyotumwa na yaliyofika: kumi na tisa hayapo. Moja, la asubuhi ile, lilikuwa la kichanga aliyesubiri kuongezewa damu. Kabla ya kugusa programu alipiga simu wodini, akamsomea muuguzi jibu lile neno kwa neno, naye akalirudia. Mtoto akapata damu kabla ya saa sita.

Nilingoja barua ya onyo. Badala yake alivuta kiti, akaniambia, "Mwanangu, kushindwa si aibu. Ila ukishindwa, mwambie aliyekutuma." Tukakiondoa kipande kile pamoja, ili kosa lipande hadi njia kuu, nayo isimame badala ya kusema jibu limefika. Yale kumi na manane tuliyafikisha siku hiyohiyo.

Muuguzi ametuambia yule mtoto sasa anakimbia. Mama yake hajui kwamba kuna mzee aliyetilia shaka ukimya. Sisi tunajua, na kwa niaba yake pia tunasema asante.

Nenda kapumzike, Mzee wetu. Afya iwe nawe, na usingizi wa mchana usikatizwe na simu yetu hata moja.