Kidole cha Papa Jérémie

ZÉPHYRIN: Haloo? Iko nani?

EUPHRASIE: Njo mimi, Euphrasie. Jambo, kaka.

ZÉPHYRIN: Jambo, dada. Huko Kashebere munaamukaje?

EUPHRASIE: Tunaamuka tu. Uko mu kazi?

ZÉPHYRIN: Niko hapa Bihambwe, tunagawa chakula. Sema mbio, watu wananingo—

EUPHRASIE: Papa alikamata unga.

ZÉPHYRIN: Papa gani?

EUPHRASIE: Papa yetu, Jérémie! Jirani yetu Mama Solange aliona jina yake kwenye mashini yenu. Eti ameweka kidole, amepokea.

ZÉPHYRIN: Euphrasie. Papa tulimuzika.

EUPHRASIE: Tulizika mugomba! Mwili yake nani aliiona tangu vita ya Burungu? Na tulikosea, kaka. Mugomba ya kuzika mahali ya mutu wanaikataka muzizi, ili mutu asirudi. Sisi tulizika yote. Sasa imechipua pale kaburini. Nimeona. Naogopa.

ZÉPHYRIN: Majani ni majani tu—

EUPHRASIE: Na kidole? Si wewe ulituambia? Eti ile organisation ya inchi zote ilioza, wakubwa waliuzisha chakula ya wafu. Sasa kazi ya kugawa imepewa watu binafsi, na société, kampuni yao, haikubali kuibiwa. Makaratasi imeisha, mashini haidanganye!

ZÉPHYRIN: Nilisema.

EUPHRASIE: Basi Papa iko muzima.

ZÉPHYRIN: Hapana, sikia— [mtandao unakwaruza] —Léonard. Ule wa organisation, aliuzishaka kadi za wafu. Unamukumbuka?

EUPHRASIE: Si walimufukuza?

ZÉPHYRIN: Alibadilisha gilet tu, ile kizibao ya kazi. Leo njo chef wangu, mukubwa wangu mu société. Majina ya wafu alikuja nayo. Kila jina ya mufu, Léonard njo anaweka kidole yake. Nimeona na macho.

EUPHRASIE: Na ukanyamaza?

ZÉPHYRIN: Nimwambie nani? Zamani mutu alilalamika, akangoja mwaka, lakini kulikuwa mahali pa kulalamika. Hii société iko na mwenyewe. Tafazali, mwambie Mama polepole.

EUPHRASIE: Mama haiko.

ZÉPHYRIN: Iko wapi?

EUPHRASIE: Alipanda moto, pikipiki, asubuhi. Amebeba koti ya Papa. Anakuja kwenu.

ZÉPHYRIN: Ile njia ya hatari? Mupigie arudi!

EUPHRASIE: Simu yake njo hii.

ZÉPHYRIN: Mungu wangu. Dada, nitamwambia nini?

EUPHRASIE: Atasimama mbele ya mashini yako, Zéphyrin. Atakuomba uite jina ya Papa—

ZÉPHYRIN: Haloo? Euphrasie? Haloo?... [kwa mtu wa karibu] Ndiyo, chef. Ninakuja.