Simba ya Vincent

Katika basi la kampuni lililowapeleka walinzi kazini katika mtaa wa Olaya, ughaibuni, Vincent alikuwa na mzigo moyoni. Alitamani ruzuku ambayo serikali ya Kenya ilisemekana kumpa mnunuzi wa nyumba ya kwanza, ila, alimwambia jirani yake, yeye nyumba alikuwa nayo.

"Ya wapi?" akauliza Titus, Mkamba aliyekaa naye kiti kimoja asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza.

"Bungoma. Simba yangu. Kwetu kijana akishatahiriwa hujenga kibanda chake katika boma la baba."

"Ulikinunua?"

"Udongo wake niliukanda kwa miguu."

"Shamba je, la nani?"

"La mzee."

"Basi, ndugu yangu, mnunuzi wa kwanza ni yule anayeapa kwamba hajawahi kumiliki nyumba kwa jina lake. Wewe huna kitu. Hongera."

Vincent hakuwa amewahi kupongezwa kwa ufukara, akazipokea pongezi hizo kwa adabu zote. Alitabasamu hadi kwenye taa za barabarani, ndipo akamkumbuka baba.

"Mzee akisikia nimeapa sina nyumba, atasema nimeukana uanaume. Atanitahiri upya."

"Apa tu. Serikali haijui simba. Siku ikiijua, itaitoza kodi."

"Wewe hujui baba yangu."

"Na wewe hujui serikali."

Basi likasimama. Vincent akashuka, simu sikioni, akinyoosha kofia kana kwamba mzee alikuwa akimwona.

"Baba, keti kwanza. Nataka kununua nyumba. Hapana, hiyo ipo, baba. Nasema ya kwanza."