Bega la Kushoto la Lubbert Pothoven

Lubbert Harmen Pothoven, mfamasia na mwenye kiwanda cha peremende za kikohozi
Zutphen, 3 Machi 1814 – Lochem, 9 Oktoba 1879

Litajwe kwanza lile ambalo kila mtu hapa analijua, lisije likanong'onwa baadaye kwenye kahawa ya maziko. Jumamosi tarehe 24 Februari 1866, alipozikwa Teunis Klumper, Lubbert Pothoven hakulibeba jeneza. Yeye ndiye aliyekuwa jirani wa kwanza, wa ukuta kwa ukuta, na kwa desturi yetu nafasi yake ilikuwa mbele, bega la kushoto. Alimtuma mtu wa kulipwa. Mtu huyo alifika na glavu nyeupe, akamwuliza mjane mlangoni, "Marehemu alikuwa anaitwa nani vile?" Mjane huyo ni Dika, mdogo wa mke wa Lubbert. Mengine yote katika maisha haya yalikuwa mema, nayo yatasemwa bila kupunguzwa.

Lubbert alizaliwa Zutphen, mtoto wa tatu wa Evert Pothoven, mwuza kamba, na Johanna. Alikuwa mtoto wa kuonjaonja. Mama yake alisimulia kwamba alilamba chokaa, sabuni na kengele ya kanisa, na kila kimoja alikitolea maelezo.

Alisoma shule ya mji hadi miaka kumi na miwili, kisha akapelekwa Deventer kwa mfamasia mmoja mkali, ambako alitwanga, alichuja na kufagia mpaka akaruhusiwa kugusa mizani. Mwaka 1836 alifanya mtihani mbele ya tume ya jimbo, akafaulu. Miaka miwili baadaye alifungua duka lake hapa Lochem, ukingoni mwa mto Berkel, ukuta kwa ukuta na shamba la Klumper.

Aleida Roelvink wa Barchem alikuja dukani kumnunulia baba yake dawa ya kifua, akifuatana na Dika, aliyekuwa na miaka tisa. Lubbert aliwapa kipande cheusi cha mzizi mtamu waonje. Wiki iliyofuata baba alikuwa amepona, lakini Aleida alirudi. Wiki ya tatu Dika, mdomo mweusi, alimwuliza mfamasia mbele ya wateja, "Dada yangu unamtibu au unamchumbia?" Lubbert alijibu kwamba dozi bado haijaisha. Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1841, wakapata watoto wawili, Evert na Geesje. Miaka kumi baadaye Dika aliolewa na Teunis wa shamba la jirani, na dada hao wawili wakawa wanapeana chumvi dirishani.

Kazi yake ilikua kutokana na kikohozi. Majira ya baridi ya 1845 watoto wengi walishikwa na kifaduro, na Lubbert alikuwa akichemsha mzizi mtamu, sukari na asali usiku na mchana. Watoto walipona, lakini hawakuacha kuziomba zile peremende nyeusi. Kwanza alizipika jikoni mwa Aleida, kisha bandani. Mwanzoni mwa 1866 alimaliza kujenga kiwanda, akaweka sufuria ya shaba ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Wanawake wengi walioketi hapa leo walilea watoto wao kwa kazi ya kiwanda hicho, na hakuna aliyewahi kukaripiwa kwa kuonja. Nyuki wa Dika nao waligundua ghala la sukari. Kwa miaka kadhaa asali yao ilikuwa na rangi ya lami na ladha ya dawa. Lubbert alimtania mchungaji wa kanisa kwamba hao ndio wafanyakazi pekee waliokuwa wakimwibia kwa bidii.

Sufuria ile ya shaba iliwashiwa moto kwa mara ya kwanza siku ile alipozikwa Teunis. Ndiyo sababu hakuja. Njia ya makaburini ilipita chini ya madirisha ya kiwanda, na jeneza lilipita katika harufu ya sukari. Kwetu ndugu hulia, lakini jirani wa kwanza ndiye huosha, hutangaza na kubeba. Kazi hiyo hailipiwi, na haifanywi kwa niaba.

Kila Mwaka Mpya baada ya hapo, Lubbert alimpelekea Dika kopo la peremende, na kila mara lilirudishwa kabla ya chakula cha jioni, halijafunguliwa. Aleida, aliyekuwa akilibeba kwenda na kurudi, alipewa ujumbe mmoja tu: "Mwambie mumeo sikukosa peremende. Nilikosa bega." Mwaka 1874 Aleida alifariki, na Dika alimwosha dada yake kama ilivyompasa. Lubbert alikaa jikoni. Dika alipomaliza alitokea mlango wa mbele.

Masika ya mwaka huu miguu ya Lubbert ilianza kujaa maji. Alijipimia dawa kwa mizani yake mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini daktari wala mfamasia mwingine. Jirani wa kwanza humhudumia mgonjwa pia, kwa hiyo Dika alimpelekea uji wa mtindi kila alasiri. Mwezi Agosti Lubbert aliweka kijiko chini, akamwuliza nani atakayemwosha.

"Nani mwingine? Mimi ndiye jirani wa kwanza."

"Unaweza kumtuma mtu."

"Huo ni ufundi wako, shemeji."

Ndipo Lubbert alipomwambia jambo ambalo hata Aleida hakuambiwa. Siku ile alipozikwa Teunis, alikuwa dirishani mwa kiwanda. Alivua kofia, akalifuata jeneza kwa macho mpaka lilipokata kona darajani, na nyuma yake sufuria ikaungua yote. Waliikwangua kwa patasi mpaka Pasaka.

"Kwa hiyo hukuja, na sukari ukaipoteza."

"Vyote viwili."

"Basi Teunis alikulipiza kisasi mwenyewe."

Walicheka mpaka akapaliwa na kikohozi. Dika aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akampa peremende nyeusi. Lubbert aliigeuza ulimini, akaitambua.

"Si uliapa hutazipokea?"

"Sijazipokea. Nilinunua."

Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 9 Oktoba, kitandani mwake, madirisha yakiwa wazi. Dika alimwosha, akaisimamisha saa ya ukutani, kisha, kama ilivyo desturi, akaenda kuigonga mizinga na kuwapa nyuki habari ya msiba, maana walikula kwake zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Ameacha mwanawe Evert na mkewe, wa Arnhem, binti yake Geesje na mumewe, wa Zutphen, wajukuu watano, na shemeji yake Dika Klumper. Alale bila kikohozi, kando ya Aleida, hatua chache kutoka kwa Teunis. Yaliyokuwa kati yake na Dika waliyamaliza.

Nyumba sasa ni ya Evert, na ujirani wa kwanza pamoja nayo, lakini Evert amesema ataishi Arnhem na kumweka msimamizi hapa. Jana alimwuliza Dika, "Mama mdogo, siku yoyote ukihitaji kitu, nikutumie nini?" Alijibiwa, "Usitume." Leo anajibiwa mbele ya majirani, apate kukumbuka. Anadaiwa bega moja, la kushoto, mbele, siku Dika atakapopita chini ya madirisha ya kiwanda. Anadaiwa yeye mwenyewe, si msimamizi. Na kama kuna sufuria motoni siku hiyo, iungue.