Mzee Kalinga, Riwaya Yake na Maji ya Usangu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupanga na kusahihisha maneno ya watu wengine, Bwana Silvester Kalinga, Mhariri Mkuu wa kiwanda chetu cha chapa hapa Mlandege, anastaafu tarehe 30 Juni 1978. Tumepewa ukurasa mmoja wa kumsifu. Mwenyewe angetaka kumi.

Alianza mwaka 1956 kama mpanga herufi, akapanda hadi kiti cha uhariri, na tangu hapo hakuna aliyemwona akiikubali koma ya mtu. Lakini hayo yote kwake si kitu. Anachotaka kukumbukwa nacho ni riwaya yake ya kwanza, inayohusu mwanamke mjamzito aliyenusurika mafuriko.

Tulioisoma rasimu tunaikumbuka. Mjamzito wake alibeba mimba miezi kumi na moja, hakutapika, hakuvimba miguu, na alitamani zabibu tu. Maji yalipokuja, kijana shupavu alimbeba kwa mkono mmoja na kuogelea kwa mkono wa pili. Nyamizi Masunga, msomaji wetu wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, alimshauri amuulize mkewe mambo ya mimba.

"Mwandishi haulizi, binti yangu," alijibu. "Mwandishi anahisi."

Machi 1974 alipata nafasi ya kuhisi. Alikuwa akipeleka vitabu vya kisomo Usangu kwa Landrova, pamoja na dereva Mika na Nyamizi, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi saba na alikuwa anakwenda kujifungulia kwa wazazi wake. Wakiwa katikati ya mbuga, mto ulivunja kingo na maji yakafika madirishani. Wa kwanza kufika juu ya paa la gari alikuwa Mhariri Mkuu.

"Mzee, nipe mkono!" Nyamizi alimwita kutoka chini.

"Ngoja kwanza nipate pumzi."

Ni Mika aliyemsukuma Nyamizi hadi juu, mwenyewe maji yakiwa kifuani.

Walikaa huko hadi kesho yake. Nyamizi alipomwomba Mzee ageuke tena ili ajisaidie, Mzee alishangaa, mbona kila mara?

"Mzee Kalinga! Wewe si una watoto sita?" Nyamizi alimuuliza.

Mika akifika hapo katika kusimulia, hucheka mpaka machozi.

Jioni hakucheka mtu. Nyamizi alishika tumbo, akasema, "Mtoto hachezi tangu mchana." Mzee alivua koti, akamfunika, akahamia upande wa upepo. Hakuwa na neno hata moja la kusahihisha. Kulipopambazuka Nyamizi alisema, "Amecheza," na aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa Mzee. Baadaye wafugaji waliwafuata kwa mtumbwi, na mwezi Mei mtoto huyo, Ng'washi, akazaliwa salama.

Mzee aliporudi aliichana rasimu, akaanza upya. Safari hii aliuliza: mkewe Matilda, wakunga, hata akina mama wauza mboga sokoni. Riwaya ilitoka mwaka jana, na inatuuma kusema kwamba ni nzuri. Ina kutapika, ina miguu iliyovimba, ina hofu ya mama ambaye mtoto wake hachezi. Kasoro yake moja: anayewahi kupanda paa na kumwacha mjamzito majini ni afisa kilimo kutoka Mbeya.

Siku ya uzinduzi, Nyamizi alisimama ukumbini, mwanawe akiwa kando yake, akauliza, "Mzee, huyo afisa kilimo tunamfahamu?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ni mimi," akasema. "Niliogopa, mama. Nisamehe."

Toleo la pili, alilolisahihisha kwa mkono wake, lina mhariri mkuu kutoka Mlandege.

Tunakushukuru, Mzee, kwa kutufundisha Kiswahili safi na kwa kutuvumilia tulipokufundisha mengine. Nenda kwenu Igowole ukapumzike na Mama Matilda. Mahindi yenu yastawi na afya isiwapungukie. Na ukiandika tena, tuletee sisi. Tutakucheka kwanza, kisha tutachapa.