Barua ya Kodi na Kiti cha Magurudumu

Chama chetu cha kijiweni kina benchi moja, birika moja na maneno ya kujaza ghala. Benchi liko kwenye kona, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu. Tuna katiba, tuna muhuri, tuna viti vya plastiki themanini tunavyokodisha kwenye harusi na misiba, na pesa yake inatengeneza viti viwili vya magurudumu tunavyowaazima wagonjwa wa mtaa. Asubuhi ile tulikuwa na kitu kipya kabisa: barua kutoka ofisi ya kodi. Sisemi uongo, nilikuwa na kiherehere mpaka nikajidunga sindano mara mbili.

Barua ilishikwa na Wakili. Huyu hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini, na kila faili alilolibeba anaamini amelisoma. Akatueleza kwamba ofisi imepata habari tunafanya biashara ya kukodisha, kwa hiyo tulipe kodi ya mapato kama kampuni yoyote. Ila kama sisi ni chama kidogo au cha hisani, tujaze fomu iliyokuja na barua, ya kuomba msamaha wa kodi. Mwisho wa kuipokea ulikuwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana, kwa sababu barua ililala wiki tatu kwenye droo ya Brashi, mchora mabango, akidhani ni tangazo la mkopo.

— Kumbe sisi kampuni, Brashi akasema, macho yanamng'aa. — Lazima nichore bango jipya.

— Chora la mnada kabisa, akajibu Spana.

Spana ni fundi baiskeli na ndiye mwenyekiti. Yeye hakuwa na utani. Wakili alishatoa hesabu yake: kodi ikitudondokea, viti vya plastiki havina mnunuzi, vingine vina miguu mitatu; vitakavyouzika ni vile vya magurudumu. Na kimoja kiko kwa Spana, mama yake anakwenda nacho kliniki mara tatu kwa wiki. Cha pili kilikuwa nyuma ya benchi, kimetoka kutiwa matairi mapya.

Fomu haikuwa ndefu. Swali la tatu ndilo lililotuweka: toeni ushahidi kwamba mali hii hamuifanyii biashara.

— Tuseme sisi timu ya mpira, alianza Brashi. — Klabu za michezo zinasamehewa.

— Timu ya watu wanne, mmoja ana goti bovu? nikamuuliza.

— Goti linaingia kama majeruhi.

Wakili akakohoa kikubwa. Akasema sheria haitaki mpira, inataka elimu, na hapa kijiweni watu wameelimika kuliko chuo. Tuandike sisi ni shule. Spana akauliza mwanafunzi nani. Wakili akamwonyesha kwa kidole.

— Ninyi hamfikirii mbali, Brashi akapanda juu ya benchi. — Nani halipi kodi kabisa? Balozi. Tupandishe bendera, tumalize kazi.

— Ubalozi wa nchi gani?

— Nchi itapatikana. Haraka haraka haina baraka.

— Saa tano hii, Brashi, haraka ndiyo inayotakiwa, Spana akasema.

— Msihofu, Wakili akaingia. — Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa sisi ndio tunaowabeba waliovunjika guu. Maana yake sheria inatuhitaji, haiwezi kutugusa.

Hapo hata Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kwa kawaida hatii neno, aliweka birika chini. Akasema yeye angependa kujua kwanza nani aliyewaambia watu wa kodi kuwa tunakodisha. Brashi akasema ni setilaiti. Wakili akasema ni jasusi. Mimi nikageuza shingo tu, nikakiona kile kiti kwa nyuma. Kwenye mgongo wake, kwa herufi nyekundu nzuri sana: MALI YA CHAMA. HUKODISHWA.

— Brashi, nikamwita. — Hii umeandika lini?

Akashuka benchini polepole. Akasema alikata kiolezo cha kupigia maandishi kwenye viti vya plastiki, akaona si vizuri kukitupa, akakipiga na kwenye vile viwili. Kumbe mama yake Spana, akienda kliniki, alikuwa akipita mbele ya ofisi ya kodi mara tatu kwa wiki na tangazo la biashara mgongoni. Spana alimtazama Brashi mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake.

Papo hapo akaja dada mmoja tusiyemjua, mbio mbio, ana karatasi ya hospitali mkononi. Baba yake anaruhusiwa leo, hawezi kukanyaga chini, ameelekezwa hapa. Akakiangalia kiti, akasoma mgongo wake.

— Samahani, kaka zangu, akasema. — Mnakodisha kiasi gani kwa siku?

Brashi akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Birika, naye akatikisa kichwa. Miaka minane viti vile vinazunguka mtaa mzima, na bei yake hatukuwahi hata kuizungumza.

— Basi kwa wiki? dada akauliza tena, sauti inapungua.

Spana akachukua kalamu. Akaisogeza fomu mbele ya dada, kwenye swali la tatu.

— Dada yangu, hatujui, akamwambia. — Hebu andika hapa jina lako na sahihi. Andika kwamba umeuliza bei, wanachama wote waliokuwepo wakashindwa kuitaja.

Dada akaandika, bado haelewi. Muhuri ukapigwa, na Wakili, aliyestaafu kukimbia, akaondoka na ile fomu mbio za utarishi. Mama Birika akainamisha birika atumiminie kahawa. Halikutoa hata tone.

— Sasa nikichukue? dada akauliza.

— Subiri kidogo, dada, akasema Brashi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti na wembe wangu wa kukatia soli, anakwangua neno la mwisho.