Kabichi Nyekundu kwenye Ramani

Kahawa ilikuwa imezunguka mara ya pili kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na Mzee Kabichi hajagusa kikombe chake. Mkononi alishika karatasi: ramani ya shamba lake, iliyopigwa jana alasiri na droni, kindege chenye kamera, cha binti mmoja mpima mashamba. Nusu ya juu kijani, nusu ya chini nyekundu kama kidonda. Nyekundu, aliambiwa, ni mmea mgonjwa. Alikuwa ameshamwita shemeji yake aje jioni na jembe, wang'oe kabichi za chini kabla hazijaambukiza za juu. Miezi miwili ya kuinama, yeye na mkewe, iende hivihivi.

— Ng'oa, alisema Fundi Saa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki na kabichi wapi na wapi? akadakia Dereva wa lori.

— Vyote vinaoza!

— Hiyo ni chumvi, bwana. Inapanda toka ardhini. Juzi nilikopakia mahindi, ng'ombe wanalamba njia!

— Chumvi gani inachora mstari katikati ya shamba? aliuliza Profesa, aliyeacha shule zamani lakini hajaacha kufundisha. Kabichi zimeshtuka. Lidude linavuma utosini, wewe usingebadilika rangi?

— Mbona za juu hazikushtuka? aliuliza Dereva.

— Droni ilianzia juu. Za chini zilisikia inakuja. Kungoja kipigo ni kubaya kuliko kipigo.

Mzee Kabichi hakucheka. Alizidi kuikodolea macho ile nyekundu.

Mara pikipiki ikafunga breki, akashuka yule binti wa droni, viatu vimejaa tope.

— Shikamoo, baba. Nimekutafuta nyumbani mpaka shambani. Hujang'oa?

— Marahaba. Bado, mwanangu.

— Afadhali! Usiguse hata moja.

Akaeleza huku akihema. Kamera yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye majani. Jana, droni ilipofika nusu ya chini, wingu zito lilifunika jua. Mwanga ukabadilika, yeye hakupima upya. Kamera ikadhani yaliyobadilika ni majani. Leo saa sita, jua likiwa wazi, amerusha tena.

Akatoa ramani mpya. Kijani, juu mpaka chini.

— Kosa ni langu, baba. Nisamehe.

Mzee Kabichi aliishika kwa mikono miwili. Akacheka kicheko kirefu mpaka machozi yakamtoka.

— Lakini baba, kwa macho yako uliyaonaje majani?

— Mazima. Nikadhani ni uzee, macho yamenidanganya.

Binti akawageukia wengine.

— Na nyie washauri, nani alikwenda kuyatazama?

Fundi Saa akapuliza vumbi kwenye saa isiyo na vumbi. Dereva akakumbuka lori lake. Profesa akaomba kikombe cha tatu.

Mzee Kabichi akatoa simu kumpigia shemeji: aje tu, lakini jembe aliache.