Flavian Kazumba, Dereva Aliyesema Alisinzia

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Flavian Kazumba anakabidhi funguo za geti la Kituo chetu cha Mbegu, Sumbawanga, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Kumi na saba ya kwanza alikuwa dereva. Iliyobaki yote ameimaliza getini. Wafanyakazi vijana wanadhani alizaliwa na lile koti la mlinzi, na wengine wameniuliza imekuwaje mzee wa getini anazijua barabara za Ufipa kuliko madereva wetu. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kujibu, kwa hoja kwamba siku ile ya ajali nilikuwemo ndani ya gari. Hawakuniuliza kama nilikuwa macho.

Mzee Flavian ni mtu wa kijiji cha Kate. Alipoajiriwa mwaka 1990 alipewa Land Rover ya kijani, na kwa kweli tangu hapo Mama Silvana, mkewe, akawa na mke mwenza. Aliiosha kabla haijachafuka. Masika barabara zikigeuka tope, malori yenye mbegu yakilala njiani, yeye alikuwa ameshafika Chala, ameshusha magunia na anakunywa chai. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari alifanya ishara ya msalaba, na fundi wetu wa magari, Loth, hakuacha kumchokoza.

"Flavian, ukimaliza na Mungu uangalie na maji ya rejeta."

"Nilianza na rejeta," Flavian alimjibu. "Huyu mwingine hapungui."

Zaidi ya hapo hakuwahi kutuhubiria. Naliandika hili kwa shukrani, maana mimi ni mtu wa kusimama karibu na mlango wa kanisa ili niwahi kutoka, na ukatibu wa jumuiya niliupata kwa kuwa siku ya uchaguzi sikuhudhuria.

Novemba 2007 tulikuwa tunasambaza mbegu kabla mvua hazijakolea. Tulizunguka wiki nzima, Kate, Chala, kisha Mwimbi. Kazi yangu katika safari zile ilikuwa kuhesabu magunia na kulala, na hiyo ya pili niliimudu zaidi. Tulitoka Mwimbi baada ya chakula cha mchana, mimi nimejinyoosha kiti cha nyuma. Niliamshwa na kishindo. Gari lilikuwa limeacha njia, na pembeni mwa barabara alikuwa amelala mkulima mmoja, Modesti, baiskeli yake imekunjwa kama waya. Flavian alikuwa ameshapiga magoti kando yake, amemshika kichwa. Tulimpakia tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini mguu ulivunjika vibaya chini ya goti, na msimu wa kulima ndio kwanza unaanza.

Sasa tazameni ushahidi ulivyokuwa. Modesti alipopata fahamu hakukumbuka chochote. Mimi nilikuwa nakoroma. Shahidi aliyebaki ni dereva mwenyewe. Mkurugenzi wa wakati ule, aliyempenda Flavian kama sisi wote, alimwambia aende nyumbani akafikiri vizuri kabla ya kuandika maelezo. Loth yeye alizungumza wazi.

"Kaka, sema breki. Breki hazina mke wala watoto."

"Breki ni nzima, Loth. Wewe mwenyewe ulizikaza kabla ya safari."

"Basi nitasema mimi nilizikaza vibaya! Mimi watanikaripia tu. Wewe watakunyang'anya gari."

Loth hakuwa anatania. Alikuwa tayari kuubeba mzigo huo, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Na alijua anachokisema: kwa Flavian, kunyang'anywa gari kulikuwa kunyang'anywa kila alichokijua. Watoto wanne walikuwa shuleni, na hakuwa na ufundi mwingine duniani.

Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Mama Edith, aliyekuwa mwenyekiti, alimsomea swali moja tu: chanzo cha ajali ni nini?

"Nilisinzia, mama."

Mama Edith aliweka kalamu chini. Akajaribu kumfungulia mlango. "Ulikuwa umechoka, si ndiyo? Mlikuwa mmezunguka wiki nzima bila kupumzika."

"Nilikuwa nimechoka. Lakini nilijiona nasinzia, na ningeweza kusimamisha gari. Sikusimamisha."

Nilikuwa nimekaa pale kama shahidi, na nimejaribu mara nyingi kueleza kimya kilichofuata. Sijui. Niliwahi kukisikia kimya cha namna ile kanisani wakati wa mageuzo, padri anapoinua mkate na divai, basi. Mtu alikuwa anavunja maisha yake mwenyewe mbele yetu kwa sauti ya kuagiza chai, na hakuna aliyemlazimisha.

Leseni ikafungiwa. Baadhi ya wanakamati walitaka afukuzwe kabisa. Wengine wakampigania, na mwishowe akapewa geti, kwa mshahara wa geti. Likizo yake ya mwaka huo aliichukua yote akaenda Mwimbi na jembe begani. Luciana, mke wa Modesti, alimpokea mlangoni: "Umekuja kuangalia kama ameshakufa?" Flavian alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia shambani akaanza kubomoa matuta ya mwaka uliopita ili papandwe ulezi. Siku za mwanzo hakuna aliyemsemesha. Kisha siku moja Luciana akamtuma binti yake ampelekee uji shambani.

Mimi nilikwenda kuwasalimu nikiwa na sukari. Nilimkuta Modesti ameketi kivulini, mguu umefungwa plasta ngumu, ule muhogo wa hospitali, anasimamia kazi kwa kelele.

"Wewe dereva! Hapo umeruka! Unalima kama unakwepa mashimo!"

Na Flavian, jasho linamtiririka, anarudi nyuma kupalima tena. Shamba lile lilizaa. Modesti anatembea, anachechemea kidogo, na amekuwa akija sherehe zote za familia ya Flavian kama shemeji mkorofi.

Getini nako hakubadilika, na hapo wakurugenzi wetu ndipo walipopata taabu. Mnalijua agizo la "mwambie sipo". Mara ya kwanza alipopewa agizo hilo, Mzee Flavian alimwambia mgeni kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Mkurugenzi yupo, ila amesema nikwambie hayupo." Mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Mkurugenzi hakucheka. Lakini baada ya muda ofisi nzima ilijifunza kusema "mwambie nina kazi, aje kesho", na ajabu ni kwamba wageni walianza kuja hiyo kesho bila kinyongo, kwa kuwa walijua kauli ya geti letu ni kauli.

Nimefanya kazi na watu wengi wema. Wengi wetu wema wetu una siku zake za mapumziko. Huyu sijawahi kumkuta likizoni, na nimekaa nalo jambo hili miaka yote hii bila kulizoea.

Juzi nilikwenda kukaa naye getini ili nipate maneno ya kumalizia makala hii. Nilikuwa nimeshaliandika jibu lake kichwani: kwamba hajawahi kujuta, kwamba alikuwa na amani tangu siku ile. Ndivyo wastaafu wanavyosema kwenye majarida. Nikamuuliza, "Mzee, umewahi kujuta kusema ulisinzia?"

Aliinuka kwanza akafungua geti. Gari la kituo likapita kuelekea Chala, akalisindikiza kwa macho mpaka kona.

"Nimejuta, Vicent," akasema. "Kila gari likitoka. Usiandike kwamba sikujuta, mdogo wangu, utakuwa umewadanganya. Nilikuwa naumia hasa. Ila wangeniuliza tena leo, ningesema nilisinzia."

Akafunga geti, akaniuliza kama nyumbani hawajambo.

Mzee Flavian, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo cha Mbegu, asante kwa kuishi kati yetu. Nenda salama Kate pamoja na Mama Silvana. Mungu awape afya, mvua kwa wakati wake, na wageni wengi wa kuja kuwasalimu. Wa kwanza nitakuwa mimi, na nitakuja nimekaa kiti cha mbele, macho yangu wazi.